Jeni ya ukame imepatikana, mbegu iko wapi?

Mwaka huo mvua zilikata mapema. Ilikuwa katikati ya Machi, Chamwino, mtama umeshachanua na punje ndiyo kwanza zinaingiza maziwa, na siku 18 zilikuwa zimepita bila tone. Mjomba alinipeleka hadi katikati ya shamba lake akanionyesha mashina mawili kwenye tuta moja, hatua moja kutoka shina hadi shina. La kwanza lilikuwa limekauka kuanzia jani la chini hadi la tatu kutoka juu; ukiyashika majani yanavunjika kwa sauti ya karatasi. La pili lilikuwa kijani mpaka chini. Mbegu zilitoka kwenye debe moja, zikapandwa siku moja, zikapaliliwa kwa jembe moja.

"Redioni walisema wataalamu wameshaipata jeni ya ukame," akaniambia. "Kama wameipata, mpwa wangu, mbona hawatupi mbegu?"

Siku ile nilimjibu kwa sentensi mbili. Swali lake linastahili zaidi ya hapo, hasa katika mkoa wetu wa Dodoma, ambao mwaka mzima unapata mvua ya milimita 600 hivi, karibu zote zikibanwa kati ya Desemba na Aprili, na ambako wazee bado wanaitaja Mtunya, njaa iliyoangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu ndilo linalopotosha. Hakuna jeni ya ukame. Mtama una zaidi ya jeni 27,000, yaani maagizo ya urithi, zilizopangwa kwenye jozi 10 za kromosomu, nyuzi ndefu zilizomo ndani ya seli, na DNA yake nzima, maandishi yanayobeba maagizo hayo, iliyosomwa na kuchapishwa mwaka 2009, ina herufi zipatazo milioni 730. Humo zipo jeni zinazoamua mizizi iende chini kiasi gani, zipo zinazoamua jani liwe pana au jembamba, zipo zinazoamua mmea uchanue baada ya siku 60 au 80. Ukame ukija unazikuta zote kazini, na unachokiona shambani ni jumla ya kazi yao.

Ziko sifa nyepesi kuliko hiyo. Mkulima yeyote wa Dodoma anajua kwamba kwelea kwelea wakishuka, mtama mweupe kama Macia ndio unaomalizwa kwanza, na ule wenye uchungu kama Serena huachwa mpaka ndege wakose kingine. Uchungu ule ni tanini, iliyo kwenye tabaka jembamba chini ya ganda la punje. Ili tabaka hilo lijengwe lazima jeni mbili ziwe hai kwa pamoja; mojawapo, iitwayo Tan1, ilitambuliwa mwaka 2012. Ikiharibika moja tu, tanini haipo. Wala rangi ya nje isikudanganye: ipo mitama myekundu isiyo na tanini kabisa, maana wekundu wa ganda una jeni zake nyingine. Maabarani hawatazami rangi, wanaloweka punje kwenye klorini kali, zenye tanini zinageuka nyeusi, zisizo nayo zinabaki nyeupe, na mjadala unaisha.

Sifa za namna hii ndizo alizozieleza Gregor Mendel mwaka 1865 baada ya kuhesabu njegere zake kwa miaka: ua la zambarau au jeupe, punje laini au yenye makunyanzi. Ipo au haipo. Lakini pita kwenye shamba la mjomba ukihesabu majani mabichi kwenye kila shina. Hutapata makundi mawili. Utapata mashina yenye majani 2, mengi yenye 4 na 5, machache yenye 8, bila mpaka unaoweza kuuwekea kamba. Uzito wa suke uko hivyo, urefu uko hivyo, na kustahimili ukame kuko hivyo. Jeni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo, na juu ya zote udongo na mvua vinatia mkono wao.

Huo mkono wa udongo ndio unaomsumbua anayechagua mbegu. Ugogoni kila familia inajua mahali palipokuwa na zizi zamani. Miaka mingi baada ya ng'ombe kuhamishwa, mtama unaoota pale bado unanenepa, majani yana kijani cha kukoza, masuke yanainama kwa uzito. Sasa tuseme shamba lako zima lina wastani wa gramu 40 za punje kwa suke, nawe ukachagua mbegu kutoka masuke ya gramu 80. Umechagua ziada ya gramu 40. Mwakani ukizipanda, je, utavuna gramu 80? Hutavuna. Sehemu ya ile ziada ilitokana na urithi wa mmea, sehemu ilitokana na samadi, na samadi hairithiwi. Kama urithi ulichangia robo tu, watoto watazidi wastani kwa gramu 10. Chukua ziada uliyoichagua, izidishe kwa sehemu inayorithiwa: hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoendesha uzalishaji wote wa mbegu duniani, wa mtama, wa mahindi, hata wa ng'ombe wa maziwa.

Bibi yangu hakuijua hesabu hiyo kwa maandishi, lakini alichagua masuke ya mbegu shamba likiwa bado limesimama, kabla ya kuvuna, kwa sababu suke likishafika uwanja wa kupuria huwezi tena kujua lilikuwa na majirani gani. Aliyoyachagua aliyaning'iniza juu ya moto ndani ya tembe, moshi uwazuie wadudu. Huo nao ni uteuzi, na umefanywa Afrika tangu mtama ulipofugwa kutoka kwenye nyasi za porini upande wa Sudan, miaka 5,000 iliyopita na zaidi. Mtama wa porini hupukutisha punje zake chini. Wetu hushikilia punje mpaka uje uupure. Tofauti hiyo ni ya jeni, na waliouchagua ushikiliaji huo walikuwa wakulima.

Hata hivyo jicho, hata la mtu mzoefu, linaona mmea tu. Halioni urithi uliojificha nyuma ya samadi, kivuli cha mbuyu, au kijishimo kilichotuamisha maji. Ndiyo maana watafiti walitafuta alama isiyodanganyika kwa samadi, na wakaikuta ndani ya DNA yenyewe. Kuijua alama hiyo iko wapi, na inaambatana na sifa gani, ndiko kunakoitwa kuchora ramani ya vinasaba.

Kazi inaanza kwa kuchanganya wazazi wawili wanaotofautiana: mmoja unaobaki kijani, mwingine unaokauka upesi. Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, kwa hiyo kuuchanganya ni kazi ya vidole. Alasiri mtaalamu anakaa kwenye kigoda mbele ya suke lililoanza kufunguka kwenye ncha, maana maua ya mtama hufunguka kutoka juu kwenda chini kwa siku kadhaa. Anakata maua mengi na kubakiza machache. Kisha kwa kibanio chenye ncha kali anafungua ua moja moja na kutoa vifuko vitatu vya chavua kabla havijapasuka, bila kuijeruhi sehemu ya kike iliyo katikati. Anafunika suke kwa mfuko wa karatasi. Siku chache baadaye, asubuhi na mapema, analeta mfuko wenye chavua ya mmea wa baba na kuukung'uta juu ya suke la mama. Ua moja likimponyoka likajichavusha, punje yake inaingia kwenye utafiti kama mtoto asiye wa ndoa hiyo, na itaharibu hesabu zote zinazofuata.

Watoto wa kwanza hufanana wote, kila mmoja akiwa na nusu ya baba na nusu ya mama. Mchanganyiko wenyewe unaanza kwa wajukuu. Mtafiti anaacha kila mmoja ajichavushe, anachukua punje moja, anapanda, anachukua moja tena, vizazi sita au saba, mpaka anapata tuseme familia 200 zilizotulia, kila familia ikiwa na mchanganyiko wake usiobadilika wa vipande vya babu na vya bibi.

Vipande hivyo vinapatikanaje? Fikiria kromosomu kama reli ya kati kutoka Dodoma kwenda Morogoro: Dodoma, Ihumwa, Gulwe, Kidete, Kilosa, Morogoro. Mbegu za uzazi zinapotengenezwa, reli ya baba na reli ya mama hulala sambamba, hukatika mahali fulani, kisha huungwa kwa kubadilishana: kipande cha baba kinaendelea na kipande cha mama. Sisi tunaokaa huku tunajua reli kukatika, kila mafuriko ya Kidete na Gulwe yanatukumbusha. Lakini kwenye kromosomu tuseme inaweza kukatika popote. Ikikatika mara moja tu katika safari nzima, je, Dodoma na Ihumwa zitatenganishwa? Ni nadra, maana ziko jirani na mkato lazima uangukie katikati yake hasa. Dodoma na Morogoro je? Karibu kila mkato utazitenganisha.

Geuza sasa hoja hiyo. Kama huijui ramani, lakini unaweza kuhesabu ni mara ngapi vituo viwili vimetenganishwa katika watoto wengi, hesabu hiyo inakupa umbali. Vinavyotenganishwa mara chache viko jirani, vinavyotenganishwa mara nyingi viko mbali. Aliyeligundua hilo alikuwa mwanafunzi, Alfred Sturtevant, katika maabara ya Thomas Hunt Morgan huko Marekani. Ramani yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1913, ilikuwa na jeni sita za inzi wadogo wa matunda, zikiwa zimepangwa kwenye mstari mmoja, na hakuwahi kuona hata jeni moja kwa macho. Alihesabu inzi tu. Kipimo cha umbali huo, mtoto mmoja aliyetenganishwa kati ya 100, kinaitwa sentimogani kwa heshima ya mwalimu wake. Kila ninapolieleza jambo hili naona jinsi lilivyo zuri: umbali uliopimwa kwa kuhesabu uzao.

Miaka kumi baadaye, 1923, Karl Sax akaiunganisha ramani na uzito. Alichanganya maharage makubwa yenye rangi na madogo meupe, kisha akawapima wajukuu. Wale waliorithi rangi kutoka pande zote mbili walikuwa na uzito wa wastani wa sentigramu 31 hivi kwa punje, waliorithi upande mmoja 28, weupe 26. Rangi haiongezi uzito. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba mahali fulani jirani na jeni ya rangi palikaa jeni ya ukubwa, na mara nyingi mkato haukuangukia kati yake. Rangi ikawa bendera inayoonekana kwa mbali, ikionyesha mahali pa kitu kisichoonekana.

Wanachofanya watafiti leo ni kile kile cha Sax, ila bendera zimeongezeka. Badala ya rangi ya ganda wanatumia herufi za DNA: mahali ambapo baba ana herufi A na mama ana G, maelfu ya mahali kama hapo, yametapakaa kwenye kromosomu zote 10. Familia 200 zinapandwa, ukame unaachwa uzipige, majani mabichi yanahesabiwa. Kisha kila herufi inaulizwa swali moja: familia zenye A hapa zina majani mangapi kwa wastani, zenye G zina mangapi? Tuseme zenye A zina 4.1 na zenye G zina 5.6. Huenda jirani na herufi hiyo kuna jeni inayohusika.

Huenda. Kwa sababu ukiuliza maswali maelfu, mengine yatakujibu ndiyo kwa bahati tu. Chukua sarafu 1,000, kila moja uirushe mara 10; moja hivi itaangukia kichwa mara zote 10, na haimaanishi kwamba ina uchawi. Kwa hiyo waliweka kizingiti. Kile cha zamani, kilichotumika miaka mingi, kilidai kwamba matokeo yaliyoonekana shambani yawe na uwezekano mara 1,000 zaidi kama jeni ipo hapo kuliko kama haipo. Mwaka 1989 Eric Lander na David Botstein wakaonyesha namna ya kuuliza swali hilo hata kwenye nafasi iliyo kati ya alama mbili, na tangu hapo karibu kila zao lenye jina limechorewa ramani.

Lakini angalia kilichopatikana. Familia moja hukatwa reli zake mara chache tu kwenye kila kromosomu, kwa hiyo vipande ni virefu. Alama ikikuambia "ni hapa", inamaanisha ni mtaa huu, na mtaa huo unaweza kuwa na jeni mamia. Redio ilipotangaza kwamba jeni imepatikana, kilichokuwa kimepatikana ni mtaa. Kuitafuta nyumba yenyewe kunaweza kuchukua miaka kumi mingine ya kuongeza familia na kutafuta mikato mipya. Njia nyingine ni kukusanya mamia ya mbegu za kienyeji, ambazo reli zake zimekatwa na kuungwa kwa maelfu ya vizazi, ili vipande viwe vifupi. Nayo ina mtego wake: mtama wa Kanda ya Ziwa na wa Dodoma hutofautiana kwa mambo mengi kwa mpigo, na ni rahisi kudhani umeona jeni ya ukame wakati umeona tu kwamba mbegu hizi ni za Dodoma.

Sifa ya kubaki kijani, ile aliyoniuliza mjomba, ndiyo imechorwa zaidi kuliko nyingi katika mtama. Chanzo chake kikubwa ni mbegu iitwayo B35, yenye asili ya Ethiopia, na karibu na mwaka 2000 watafiti walikubaliana juu ya mitaa minne mikuu, wakaiita Stg1 hadi Stg4. Kilichonishangaza nilipofuatilia ni namna inavyofanya kazi. Ungedhani mmea huu una dawa ndani yake inayozuia majani kukauka. Kumbe kwa kiasi kikubwa ni uwekevu. Uchunguzi uliofanywa Australia, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mitaa hiyo hupunguza machipukizi ya pembeni na ukubwa wa majani ya juu kabla ya kuchanua. Mmea wenye majani machache unakunywa maji kidogo mapema, hivyo punje zinapoanza kujaa bado kuna maji yaliyobaki kwenye udongo. Ni kama kaya mbili zilizopewa pipa moja moja la maji: kijani cha Machi ni maji ambayo hayakutumika Januari.

Na hapo ndipo jibu la mjomba linapoanza kujichanganya. Uwekevu huo unalipa ukame ukija baada ya mmea kuchanua. Lakini Dodoma ina pengo jingine, lile la Februari, mvua inaposimama wiki mbili au tatu kisha inarudi. Mtama uliochelewa kupandwa, pengo hilo linaukuta bado mchanga, na kustahimili ukame wa umri huo kunategemea jeni nyingine kabisa. Tena mwaka wa mvua nzuri, mmea mwekevu wa majani unaweza kuzidiwa mavuno na jirani yake mtumiaji. Mtaa uliochorwa Texas au Queensland lazima ujaribiwe Hombolo na Bahi kabla hujaitwa neema. Kongwa, mwendo mfupi tu kutoka hapa, tuna kumbukumbu ya watu waliokuja na mbegu na matrekta bila kuijua mvua wala udongo wa mahali: mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951.

Kuna mfano mwingine ambako mambo yalinyooka zaidi: kiduha, lile gugu la maua mekundu au ya zambarau linalong'ang'ania mizizi ya mtama na kuunyonya kabla hata halijatokeza juu ya ardhi. Mmea mmoja wa kiduha hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Zinasubiri harufu. Mzizi wa mtama hutoa kemikali za kuwaita kuvu rafiki wanaousaidia kupata fosforasi, na kiduha amejifunza kusikiliza mwito huo na kuota palepale.

Mtafiti aliyelishughulikia hili kwa miongo ni Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Yeye na wenzake hawakuanza na DNA. Walichukua mche wa mtama, wakauotesha kwenye sahani ya maabara yenye mbegu za kiduha, wakapima kwa rula: mbegu ya kiduha iliyoota mbali kabisa iko milimita ngapi kutoka kwenye mzizi? Mtama ambao kiduha kinashindwa kuota hata karibu yake ndio waliouchukua. Kwa uteuzi wa namna hiyo zilipatikana mbegu mbili ambazo wakulima wetu wanazijua kwa majina ya Wahi na Hakika, zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 2002. Jeni yenyewe, LGS1, ilitambuliwa mwaka 2017, miaka 15 baada ya mbegu kufika sokoni. Mtama unaokinza ni ule ambao jeni hiyo imeharibika au haipo kabisa: mwito wake unabadilika muundo, kuvu rafiki bado wanauelewa, kiduha hakiuelewi vizuri. Na wachunguzi walipopitia mbegu za kienyeji za Afrika, walikuta upungufu huo ukijitokeza zaidi kwenye maeneo yenye kiduha kingi. Wakulima walikuwa wameshaanza kuuteua.

Mfano huo ni mwepesi kwa sababu jeni moja inabeba mzigo mkubwa. Hata hivyo, ukishaijua, kuihamishia kwenye mbegu ambayo watu wanaipenda ni safari. Unachanganya Macia na mbegu yenye jeni unayoitaka. Mtoto ana nusu ya Macia. Unamrudisha kwa Macia, anakuwa na robo tatu kwa wastani. Tena, saba ya nane. Kila mara unatoboa kipande cha jani la mche wenye wiki mbili na kukisoma DNA, ili ujue upi umebeba jeni na upi uung'oe leo badala ya kuulisha msimu mzima. Hapo ndipo ramani inapookoa miaka. Lakini jeni haisafiri peke yake. Inakuja na majirani zake wa mtaa, na jirani mmoja anaweza kuwa punje ndogo au unga usioshikana. Lazima usubiri mkato uangukie mahali padogo sana ili uwaache majirani nyuma. India walifanya hivyo kwa uwele: mbegu iitwayo HHB 67 ilikuwa inapendwa kwa kukomaa upesi lakini ilielekea kushindwa na ubwiri unyoya, wakaiongezea ukinzani kwa kufuata alama za DNA, na toleo jipya likaidhinishwa mwaka 2005. Ndugu zetu wa Bahi na Manyoni wanaolima uwele watauelewa uzito wa jambo hilo.

Kwa sifa yenye jeni 100 zenye mchango mdogo mdogo, kurudisha moja moja namna hii hakuwezekani. Mwaka 2001 Theo Meuwissen na wenzake walipendekeza kuacha kuitafuta nyumba kabisa: soma alama zote kwa pamoja, pima mimea mingi shambani, acha kompyuta ikadirie kila alama inachangia kiasi gani, kisha chagua miche kwa jumla ya alama zake. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliikumbatia haraka, wa mazao wakafuata.

Baada ya yote hayo mbegu inakwenda kwenye majaribio ya mahali na misimu mbalimbali, TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, wanaithibitisha, inazalishwa kwa wingi, na ndipo inafika dukani. Sioni sababu ya kuifupisha sehemu hii. Mbegu ya ukame ambayo haijaona ukame wa kweli ni ahadi tu.

Lazima niseme na hili, kwa kuwa nalisikia kila ninapotaja DNA mbele ya wakulima: hii si GMO, yaani mmea uliobadilishwa vinasaba maabarani. Makutupora ndiko mwaka 2016 lilikopandwa jaribio la mahindi yaliyohamishiwa jeni kutoka kwa kiumbe kingine, na mwaka 2018 serikali ikaagiza majaribio hayo yasitishwe. Tangu hapo, kwa wengi, maabara na mbegu vikitajwa pamoja maana yake ni moja. Kuchora ramani hakuingizi chochote kwenye mmea. Kusoma DNA ya jani ni kama kusoma kadi ya kliniki ya mtoto: mtoto habadiliki kwa kusomwa. Mchanganyiko unafanyika kwa chavua, mtama kwa mtama, kama inavyotokea shambani.

Gharama kubwa ya kazi hii siku hizi haiko kwenye mashine. Kusoma DNA kumeshuka bei mwaka hadi mwaka. Kilichobaki ghali ni mtu mwaminifu anayetembea kwenye familia 200 kwenye jua la Machi, akihesabu majani, akiandika 5 pale palipo na 5. Ramani yote imesimama juu ya namba hizo. Akichoka akakisia, kompyuta itachora mtaa ambao haupo, kwa uhakika ule ule. Na yapo ambayo hayahesabiwi kwa majani: mtama huu unakobolewa vizuri, ugali wake unaliwa na mlenda ukashuka, au unabaki kwenye sahani? Mbegu nyingi zilizoshinda kwenye majaribio zimeishia hapo, jikoni, na mwenye kulijua hilo mapema ni mama anayesonga.

Mwaka uliofuata nilirudi Chamwino mwezi huo huo. Mjomba alikuwa amechana kanga kuukuu vipande vyembamba na kuvifunga kwenye mashina yaliyobaki kijani, nikahesabu 31. Tulipita moja moja. Kwa kila shina alinyosha mkono kuonyesha majirani zake, akasema yamekaukia wapi. Tulipofika upande wa mashariki, kwenye mashina manne yaliyosimama pamoja, manene kuliko mengine yote na majani mabichi mpaka chini, alisimama kimya, akaikwangua ardhi kwa kidole cha mguu mpaka udongo mweusi ukatokea.

"Hapa babu yako alikuwa na zizi la ndama," akasema, akainama na kuvifungua vile vitambaa vinne.